Shangazi, pesa ni zangu lakini gari wanaigombania wao

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Fuoni hapa Unguja. Asili yangu Pemba, na marehemu baba aliniachia mikarafuu ambayo kaka yangu ananisimamia. Pesa za misimu mitatu sikuzigusa. Nia yangu ilikuwa kumalizia nyumba, lakini mwaka huu mume wangu kaja na shauri la gari nikakubali, maana gari ndiyo inayotulisha.

Mume wangu anaendesha watalii. Noah anayoendesha si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, awe kapata wageni au hakupata. Asubuhi anapakia watoto wa majirani kuwapeleka skuli, mchana yuko uwanja wa ndege anapeleka watu hotelini mjini, na kwa wiki mara mbili hivi anapata safari ya Nungwi. Sasa anataka tununue Noah yetu wenyewe ya petroli, mtumba wa Japan. Anasema hiyo ndiyo gari anayoijua mpaka inavyokohoa.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 23, kasomea umeme chuo cha amali. Yeye anasema kununua gari ya petroli mara hii ni sawa na kununua redio ya kaseti. Kaiona Nissan Leaf mtandaoni, gari ya umeme ya mwaka 2013, betri yake ya uniti 24 za umeme, na hiyo ndiyo anayoitaka.

Basi Shangazi, nyumba imegeuka baraza la wawakilishi. Tukikaa kula tu, hoja zinaanza. Baba anauliza, umeme ukikatika usiku kucha na mgeni ana ndege saa kumi na mbili asubuhi, nimbebe mgongoni? Mtoto anajibu, na petroli ikikosekana ukapanga foleni sheli tangu alfajiri, mgeni anakungoja? Baba anamwambia, giza la 2009 hulijui wewe, ulikuwa na miaka saba unalia joto tu. Mtoto anasema Ethiopia imeshapiga marufuku kuingiza gari za mafuta, na Norway watu hawanunui tena. Baba anamwambia basi hamia Norway.

Wiki iliyopita nilipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, chakula anachokipenda. Mtoto akamwambia, "Baba, wewe huelewi tu." Mume wangu akaisukuma sahani, akanawa, akatoka kwenda kukaa nje. Tangu siku hiyo hawasemezani. Mtoto anatoa shikamoo, anajibiwa marahaba ya nusu mdomo. Wakitaka kuambizana kitu mimi ndiye simu. "Mwambie mwanao." "Mwambie baba." Na mume wangu keshaanza kuniambia kwamba mimi namuunga mkono mtoto, wakati sijasema neno.

Kuna kitu kimoja sijawaambia. Kila nikitaka kufua shati la mume wangu napekua mfuko kwanza, nakuta risiti za sheli. Sikuzitupa, nimezitia kwenye kopo la Blue Band tangu mwaka jana. Usiku mmoja sina usingizi nikazihesabu za mwezi mmoja, zikafika laki saba. Nilishtuka, nikafunika kopo.

Juzi nikamsikia mume wangu anazungumza na wakala wa bandarini, anamtajia kiasi kamili cha pesa niliyonayo. Na mtoto naye keshamwandikia muuzaji wa Japan. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini hilo si tatizo, ninachotaka wapatane. Niambie tu nani ana haki, petroli au umeme, nitoe pesa tupumzike.

Mama wa Fuoni

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipoandika "hilo si tatizo". Nitaparudia. Kwanza nikujibu ulichouliza, nisije nikaonekana nakukwepa.

Mumeo hajakosea kuliogopa giza. Aliyeishi Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawezi kulisahau. Miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa gridi, pampu za maji zimelala, sisi na ndoo vichwani, na kila duka lenye jenereta linanguruma kama tingatinga. Na lilikuwa la pili, 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima vilevile. Mtu aliyepita hapo ukimwambia riziki yake ataichomeka kwenye soketi, ana haki ya kukuangalia mara mbili.

Ila wakati ule tulikuwa tunaning'inia kwenye waya mmoja mkongwe, uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45 tu. Mwaka 2013 ukazinduliwa mwengine wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni kule bara hadi Fumba, kwa msaada wa Wamarekani. Umeme bado unakatika, sote tunajua, lakini kukatika kwa muda wa saa mbili magharibi na kukatika miezi mitatu ni mambo mawili. Gari inayochajiwa usiku haijali kukosa umeme saa mbili tu. Inajali usiku mzima, na usiku mzima wa namna hiyo huko kwenu unatokea mara ngapi kwa mwezi, wewe unajua kuliko mimi.

Na mumeo asisahau kwamba petroli nayo haichimbwi Chwaka. Inakuja na meli, umeme unakuja na waya, vyote viwili vinavuka bahari ndiyo vitufikie. Pampu ya sheli yenyewe inaendeshwa na umeme.

Sasa kijana. Aliyosema kuhusu Ethiopia ni kweli, tangu 2024 hawaruhusu kuingiza gari ndogo za mafuta. Lakini amwambie baba yake na sababu: wana umeme wao mwingi wa mabwawa, na fedha za kigeni za kununulia mafuta ziliwashinda. Norway pia kweli, mwaka 2024 karibu gari tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme. Hao hao Wanorway, kwa faida yako wewe Mpemba, ndio waliogharimia waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga hadi Pemba uliozinduliwa 2010. Wanauza mafuta kwa dunia na wenyewe wanaendesha umeme, watu wana akili zao. Ila Mnorway akiishiwa chaji njiani anakuta mahali pa kuchaji karibu. Mumeo akiishiwa Kinyasini saa nne usiku na wageni ndani, atapiga hodi nyumba ya nani?

Kwa hiyo habari za Norway ziwekeni kando. Lete lile kopo la Blue Band.

Laki saba kwa mwezi. Tuchukulie lita moja ni karibu elfu tatu, hiyo inakuwa kama lita 230. Noah ya mjini yenye kiyoyozi na mizigo, ikikupa kilomita 10 kwa lita umshukuru Mungu. Basi mumeo anatembea kama kilomita 2,300 kwa mwezi. Uwanja wa ndege hadi Nungwi na kurudi ni kama kilomita 130, mara nane kwa mwezi inafika 1,040. Zinazobaki, 1,260 hivi, ni skuli, uwanja wa ndege na hotelini. Ukizigawa kwa siku 26 za kazi, ni chini ya kilomita 50 kwa siku.

Unaona wanachogombania? Kila mmoja anazungumzia nusu yake ya kazi. Baba akisema gari, anaona Nungwi. Mtoto akisema gari, anaona mjini. Na wote wawili, kila mtu kwa nusu yake, wanasema kweli.

Tuanze na nusu ya mtoto. Gari ya umeme ya ukubwa ule inakula kama uniti 17 kwa kilomita 100, tuseme 19 kwa sababu nyingine zinapotea wakati wa kuchaji. Uniti ni zile zile za Tukuza unazoingiza kwenye mita yako, hakuna uniti za gari na za friji. Chukua risiti yako ya mwisho ya umeme, gawa pesa kwa uniti, utajua uniti moja unainunua kwa bei gani. Kwa mfano tu, tuweke shilingi 400. Kilomita 100 ni shilingi 7,600. Kwa Noah kilomita hizo hizo ni lita 10, yaani elfu thelathini. Hapo kijana hakudanganya. Injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inayageuza joto. Weka mkono juu ya boneti mumeo akirudi kazini, hilo joto umelilipia wewe. Mota ya umeme karibu yote inapeleka kwenye magurudumu. Halafu hakuna oili ya injini ya kumwaga, hakuna plagi za kubadilisha, wala ekzosi ya kutoboka.

Lakini gari aliyoichagua, mwanangu, hiyo siitaki.

Leaf za mwanzo zenye betri ya uniti 24 zilipokuwa mpya kabisa, vipimo vya Marekani vilizipa kama kilomita 117 hadi 135 kwa chaji moja. Mpya! Ya 2013 imeshakula miaka mingi. Betri za Leaf hazina maji ya kuzipoza kama rejeta, zinategemea upepo tu, na joto ndilo adui yao mkubwa. Kwa joto la kwetu la Januari, sihitaji kukueleza. Mwambie kijana amtake muuzaji picha ya dashibodi gari ikiwa imewashwa. Pembeni kulia kuna ngazi ya vistari 12 vidogo vyembamba, vinaonyesha afya ya betri. Asichanganye na vile vipana vinavyoonyesha chaji, ndipo watu wanapolizwa. Kistari cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni kama 6 nyingine. Vikibaki vinane, umenunua theluthi mbili ya betri kwa bei ya betri nzima. Ukiwasha kiyoyozi na wageni wanne ndani, usitegemee zaidi ya kilomita 80 au 90. Nungwi utafika. Kurudi ndiyo mtihani. Na betri ikichoka kabisa, bei ya nyingine inaweza kuikaribia bei ya gari yenyewe.

Kisha Leaf ni gari ya watu watano akiwemo dereva, na buti yake si ya masanduku ya familia ya Kiitaliano. Mumeo ukimuuliza safari za Nungwi anabeba watu wangapi, nadhani ndipo utakapopata hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Ajabu hakuisema, kashughulika na giza.

Ungekuwa umeniuliza mimi ningefanya nini na pesa yangu, ningekujibu hivi. Noah nyingine ya petroli nisingenunua, kwa sababu kopo lako linaniambia nitakuwa naifanyia kazi sheli. Leaf ya uniti 24 nisingeigusa. Ningetafuta ile ya uniti 40, iliyoanza kutoka mwisho wa 2017, ambayo ikiwa mpya ilipimwa kilomita 243. Hata ikichoka robo, Nungwi unakwenda na kurudi bila kuangalia dashibodi kama unaangalia mwezi wa Ramadhani. Ikiwa pesa haitoshi, ningesubiri msimu mwengine wa karafuu. Hesabu ya jioni mumeo ameipeleka miaka yote hiyo, msimu mmoja hautamuua. Na siku akipata kundi la watu sita, akodi Noah ya mwenzake kwa siku hiyo. Hivyo ndivyo nionavyo. Lakini kama Nungwi kila safari ni watu sita na masanduku tisa, basi mumeo kashinda, mnunulie Noah yake na kijana anyamaze.

Jambo la waya, hili sitaki mzaha nalo. Gari ya Japan inakuja na waya wa kuchajia wenye plagi ya Kijapani, haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Watu wanakata plagi, wanafunga nyingine, wanaunganisha na ekstensheni ya redio kutoka dirishani. Betri ile inavuta umeme saa nane, tisa mfululizo. Ekstensheni inapata moto, plastiki inalainika, na watoto wamelala. Kijana wako ni fundi, huu ndio mtihani wake. Avute laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, yenye swichi yake ya kujikata na waya wa ethi uliozikwa kweli kweli. Hapo hapo aangalie kama umeme wenu wa usiku una nguvu au ni ule wa taa kufifia friji ikiwaka. Na chini ya gari kuna nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo ni umeme wa volti mia tatu na zaidi, fundi wa gereji wa mazoea asizishike, hata akiapa.

Sasa nirudi pale nilipokwama.

Umeandika mume wako anamtajia wakala kiasi kamili cha pesa yako, mtoto kamwandikia muuzaji, na hakuna aliyekuuliza, "lakini hilo si tatizo". Mwanangu, hilo ndilo tatizo, haya mengine ni gari tu. Mikarafuu ni urithi wako kwa baba yako. Kwa dini yetu mali ya mke ni ya mke, mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa yake. Ukimpa, umempa. Ukimkopesha, ni deni. Mkishirikiana, ni ushirika, na ushirika una makubaliano. Hicho cha tatu ndicho nakuombea. Gari iandikwe jina lako kwenye kadi, au majina yenu wawili, na mkubaliane mapema, mbele ya kaka yako na mtu mmoja wa upande wake, kila mwezi kinachopatikana kinagawiwaje na kiasi gani kinawekwa kwa matengenezo. Wala usione haya. Mwenye Noah ya sasa anapokea hesabu kila jioni na hakuna anayesema hampendi mumeo.

Na usiwakalishe wote wawili pamoja siku ya kwanza. Mumeo alisukuma sahani si kwa ajili ya betri. Aliambiwa haelewi, na mwanawe, mbele ya mkewe, kuhusu kazi anayoifanya kila siku. Mpate peke yake, baada ya alfajiri, chai ipo na mkate wa mofa upo. Usianze na umeme. Muulize Nungwi, wageni wangapi, wanabeba nini, wanarudi saa ngapi, nani analipa vizuri. Mwache aseme. Yeye ndiye anayeijua biashara, na kama mtafika kwenye gari ya umeme, itabidi afike yeye, si apelekwe. Baada ya hapo mfungulie kopo. Umwekee mkeka, mzipange pamoja mwezi kwa mwezi, aone mwenyewe laki saba yake ilivyo ndefu ikitandazwa. Asije akadhani ulikuwa unampeleleza, mwambie ukweli, kwamba ulikuwa unaokoa karatasi zisichafue nguo.

Kijana umwite baadaye, na neno la kwanza litoke kwake: samahani baba. Kisha apewe kazi ya laini na ya picha za vistari. Yule muuzaji wa Japan asitumiwe hata senti moja kabla ya picha hizo kufika, na kabla wakala hajakuandikia wewe, kwa jina lako, jumla ya kila kitu hadi gari inatoka bandarini: nauli ya meli, ushuru, usajili, bima. Watu hulipia bei ya kwenye picha wakadhani wamemaliza, gari ikakaa Malindi inakula gharama.

Zile risiti usiziweke karibu na jiko. Karatasi yake ikipata joto inageuka nyeusi, utabaki na kopo la karatasi zisizosomeka. Zinakili kwenye daftari usiku huu huu.

Shangazi